Pikapu ya Nashon

"Shuka kwa hiyo gari."

"Sishuki, mama. Ongea na mwenye ameniuzia."

"Mwenye amekuuzia simjui. Naongea na wewe umekaa kwa kiti ya bwanangu."

"Nyar Alego, toka mbele ya gari. Usituletee aibu mbele ya mgeni."

"Aibu mimi nimeikuta hapa. Mimi nimeshuka kwa basi sasa hivi."

Gordon alikuwa ndani ya ile Peugeot 404, mikono yote miwili kwa usukani, ufunguo umeshaingia lakini hajawasha. Mbele yake, karibu magoti yaguse bampa, alisimama mama mwembamba na kitambaa nyeusi kichwani. Huyo alikuwa Dorca, binti wa Alego, mjane wa Nashon, na jina la Nashon ndilo lilikuwa kwa logibuku, kile kitabu cha mwenye gari. Kando ya dirisha la dereva alisimama Zadock, mdogo wa Nashon, mtu wa shingo nene, na ndiye alikuwa anauza na kumfukuza Dorca mbele ya gari. Nyuma kabisa, kwa kivuli cha ukuta, Mzee Ouma, baba mdogo wao, alikuwa amekalia kiti cha kukunja kama mtu anasikiza habari kwa redio. Vijana wa boma waliokuwa wanapasua kuni waliacha shoka, wakasogea. Hiyo ilikuwa Sondu, juu kidogo ya mto, asubuhi ya Jumamosi.

Na Gordon alikuwa anaitaka hiyo pikapu vile mtu wa homa anataka maji.

Mwaka huo viwanda vya mbuta vilikuwa vimefungua midomo pale Kisumu, samaki haitoshi. Kiwanda kimoja kilikuwa kinatafuta watu wa kubeba samaki kutoka bichi za Nyakach, mahali mashua zinashusha. Gordon, mtu wa Nyalenda, miaka yote alikuwa amebeba mbuta kwa baiskeli kutoka Dunga, mkia wa samaki unamchapa mgongo njia yote, shati haikauki, na wasichana wanamjua kwa harufu kabla wamuone uso. Meneja alimwambia wazi. Lete gari Jumatatu, na fomu ya kuhamisha iwe imesainiwa, iko kwa jina lako. Gari za kuazima zilikuwa zimewatesa, leo iko, kesho mwenyewe ameitaka, samaki inaozea mchangani. Kama Jumatatu Gordon hana, kuna mtu anaitwa Walubengo, ako na Datsun yake, anangoja hapo nje kwa geti, na hiyo kazi ni yake. Kazi kama hiyo haikujii mara mbili. Mamake Gordon, Beldina, alikuwa ameuza ng'ombe wake wa maziwa kwa sababu ya hii kitu. Gordon mwenyewe aliuza sehemu yake kwa mashua ya mjomba. Nusu ya bei ilikuwa imeshaingia kwa mfuko wa Zadock tangu wiki iliyopita, na nusu ilikuwa ndani ya soksi ya Gordon, mguu ule ule wa klachi.

Na mtu asiseme Gordon alinunua kama mlevi. Alikuja na Wakhisi, fundi wa magari, wakaomba gari iwashwe ikiwa baridi, si ile ya kuwashiwa mapema ndio ifiche ugonjwa. Wakhisi alinusa moshi, akalala chini, akagonga chasisi na nyundo kusikiza kutu, akachomoa kijiti cha oili akapangusa kwa kidole. Gordon naye aliweka karatasi juu ya namba ya chasisi, akasugua na penseli mpaka namba ikatokea, akalinganisha na logibuku moja moja. Zikakubaliana. Namba akaipeleka kwa askari mmoja wa kwao Seme, akaambiwa hiyo gari haitafutwi. Akaangalia kama kuna kampuni ya mkopo imeandikwa kando ya jina la mwenyewe. Hakuna. Jina ni moja tu, Nashon, na Nashon alikuwa amezikwa.

Hapo ndipo Gordon alifanya kile Mjaluo yeyote angefanya. Aliuliza kama vitu vya marehemu vimegawanywa. Maana kwa Wajaluo mtu akifa, vitu vyake havichukuliwi tu hivi hivi. Kuna siku inawekwa, wanaita keyo nyinyo, ukoo unakaa chini mchana kweupe, madeni yanatajwa, koti inaenda kwa huyu, redio kwa yule, na kila mtu anaona. Kitu ikishapeanwa hapo, imepeanwa. Gordon alizunguka Sondu akiuliza. Aliuliza mama wa posho mill, akauliza katekista, akauliza mwenye bucha. Wote jibu moja. Ndiyo, ukoo ulikaa, na pikapu ilienda kwa Zadock, Mzee Ouma mwenyewe ndiye alitamka.

Kwa Gordon hiyo ilikuwa nzito kuliko muhuri wa serikali. Karatasi mtu anaweza kuiba. Ukoo mzima utauiba namna gani?

Ni mamake tu alisumbua. Alimwambia ng'ombe wangu hatalala kwa mfuko ya mtu kabla wakili aseme kitu. Basi Gordon akapanda ngazi mpaka kwa Navin, wakili mwenye ofisi juu ya duka ya vitambaa. Navin alifungua logibuku, akauliza huyu Nashon atakuja lini kusaini. Gordon akacheka, akasema huyo amekufa. Navin hakucheka. Akauliza sasa nani anauza. Gordon akamweleza yote ya ukoo, Navin akasikiza mpaka mwisho, halafu akamwambia kwa Kiswahili yake ya haraka haraka kwamba koti na ng'ombe ukoo wagawe wanavyotaka, lakini gari iko kwa jina la maiti inauzwa na mtu korti imempa barua ya kusimamia mali, na hiyo barua inaanza kwa chifu, chifu anaandika majina ya mjane na watoto. Mtu akigusa mali kabla ya hapo, anaingilia mali ya marehemu, na hiyo ni kesi, na mnunuzi pia anaweza kuvutwa.

"Mtu hana kitu, hawezi kukuuzia hiyo kitu," Navin alisema. "Utapewa ufunguo. Gari hutakuwa umepewa. Mwenyewe akija atachukua, na wewe utabaki kukimbiza yule alikuuzia. Sasa kama kichwa yako ni ngumu, angalau huyo bwana aandike jina lake na namba ya kitambulisho, aseme ni yake kuuza, na akikosea arudishe pesa."

Gordon alishuka ngazi akijiambia huyu Mhindi hajui mambo yetu. Mamake alipouliza, alisema wakili amesema ni sawa. Na kwa hiyo kuuliza kwake kote Sondu, kwa posho mill na bucha na kanisa, hakuna siku alifungua mdomo kuuliza kama kuna mjane, na mjane anasema nini.

Sasa mjane alikuwa mbele ya bampa.

Dorca hakupiga kelele. Hiyo ndiyo ilimsumbua Gordon. Mama wa kupiga kelele unaweza kungoja achoke. Huyu alikuwa anaongea kama mtu anaelekeza mgeni njia. Alimwambia hii gari ndiyo ilitoa sanduku ya Nashon mochari ikaileta hapa, na yeye alikaa huko nyuma njia yote kutoka Kisumu, mkono juu ya sanduku, vumbi ya barabara kwa meno. Ikaingia boma hii, na haikutoka tena. Akiwa ndani kwa matanga, mahali mjane hatoki ovyo, mtu alifungua kibeti chake akatoa ufunguo. Siku ya kugawa alikuwa ndani ya nyumba na wanawake wengine, anasikiza kwa ukuta. Alisikia koti. Alisikia redio. Halafu akasikia jina lake na pikapu kwa sentensi moja. Zadock atamrithi yeye, na gari itafuata mwanamke.

"Nikakataa kurithiwa," alisema. "Nikarudi Migosi, kule Kisumu, na watoto wangu kwa basi. Sasa mimi sikufuata, mbona gari ilibaki?"

Kijana mmoja wa kuni akacheka puani. Zadock akamwangalia, kijana akameza kicheko.

Zadock aliinamisha kichwa kwa dirisha. Mdomo wake ulinuka chai ya tangawizi. Akamwambia Gordon kwa sauti ya chini kwamba huyu ni mwanamke wa town, amejazwa maneno na watu wa kanisa, na kwamba dawa yake ni ndogo.

"Washa, omera, ndugu yangu. Enda polepole. Atatoka mwenyewe."

Gordon akawasha.

Ile 404 ilishika mara moja, injini tamu, Wakhisi hakusema uongo. Boneti ikaanza kutetemeka, na Dorca akaweka viganja vyake viwili juu yake vile mtu anatuliza ng'ombe. Hakurudi nyuma. Gordon akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza. Klachi ya hiyo gari ilikuwa inashika juu kabisa, alikuwa ameijaribu siku ya fundi, ukiachilia kidogo tu inaruka mbele kama mbuzi. Mama wa pale mbele alikuwa anaijua hiyo klachi kuliko yeye. Alikuwa anajua, na bado alikuwa amesimama.

"Enda," Zadock akasema.

Gordon akabana mguu juu ya klachi. Jasho lilimshuka mgongoni kama siku za baiskeli. Alimwona meneja na Walubengo na ile Datsun yake chafu. Akaona pia kitu kingine, ndogo tu. Zadock alikuwa ametoa mkono wake kwa dirisha na kusonga nyuma hatua moja. Gari ikiruka, mguu utakuwa wa Gordon. Zadock atakuwa mtu alikuwa amesimama kando.

Akarudisha gia. Akazima. Sauti ya mto ikasikika.

"Ja-Seme," Zadock akasema, "nilidhani nauzia mwanaume."

Gordon akachomoa ufunguo, akashuka, akasema wamalize kwanza mambo ya karatasi. Zadock akafurahi. Akatoa fomu ya kuhamisha gari kutoka kwa mfuko wa koti, imekunjwa vizuri, akaitandaza juu ya boneti upande wa pili, mbali na mikono ya Dorca. Fomu ilikuwa safi. Mahali pa mwenye gari palikuwa wazi. Zadock akaeleza mpango bila haya, kama fundi anaeleza kazi. Yeye ataweka saini ya Nashon, anaijua, walisoma darasa moja wakigawana kitabu. Tarehe watarudisha nyuma, Nashon akiwa bado mzima. Gordon atasaini hapa kama mnunuzi. Jumatatu ofisi ya magari itapiga muhuri, nani ataenda kaburini kuuliza?

Akatoa biro. Kwanza akajaribu na kidole kwa vumbi ya boneti, Nashon, na ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho. Akaangalia kama msanii. Ilikuwa imekaa sawa kabisa.

Dorca akaiangalia pia. Ni hapo tu uso wake ulibadilika. Akasema polepole kwamba amekwenda kwa chifu, chifu ameandika jina lake na ya watoto, amekwenda korti ya Kisumu na kusaini, na tangazo limetoka kwa gazeti ya serikali, mwenye kupinga aje apinge. Hakuna mtu wa boma hii amekuja kupinga. Barua bado haijatoka. Ikitoka, atauza hii pikapu mwenyewe, kwa sababu hajui kuendesha na watoto wanakula. Hata huyu kijana anaweza kununua, yeye hana shida naye.

"Itatoka lini?" Gordon akauliza.

"Korti ndiyo inajua."

"Mimi nataka Jumatatu, mama."

"Najua. Kila mtu hapa anataka Jumatatu. Basi andikeni. Nataka kuona mkono ya mtu ikiandika."

Zadock alikuwa ameshashusha biro. Na Gordon, tusidanganyane, alikuwa anataka aandike. Fomu ingepita. Alijua ingepita, Kisumu nzima ilikuwa inaendesha gari za watu waliokufa na waliohama. Angefika na hiyo gari kiwandani, angebeba mbuta, angemnunulia mamake ng'ombe mwingine mwenye matiti kama debe. Aliona yote hiyo. Lakini ule mkono wa Zadock ulikuwa unaenda haraka sana kwa jina lisilo lake, na Gordon akakumbuka neno la mwisho la Navin, lile alilidharau kwa ngazi.

"Ngoja," akasema. "Kabla ya hiyo, andika ingine. Chukua karatasi, andika wewe Zadock, namba ya kitambulisho, umeniuzia gari na ni yako kuuza. Ikitokea mtu na haki yake, unanirudishia pesa yangu."

"Ya nini hiyo?"

"Ya mimi kulala."

"Ukoo umesema ni yangu. Neno la ukoo halina karatasi."

"Sijakataa. Andika basi vile ukoo ulisema."

Zadock akazungusha biro kwa vidole. Akasema hana kitambulisho hapa. Kijana wa kuni akasema kiko ndani ya kabati, akimbie achukue? Zadock akamwambia arudi kwa shoka yake. Akasema kuandika andika kunaleta kesi. Akasema Gordon anamtukana kwake, kwa boma ya baba yake. Sauti ilikuwa inapanda, lakini biro haikushuka kwa karatasi.

"Jina la maiti ulikuwa unaandika bila shida," Gordon akasema. "Yako ndiyo inachoma mkono?"

Zadock akamshika kola. Hakuwa mtu mdogo, vidole vyake vilipita vifungo vikafika shingoni. Vijana wakasogea, hakuna aliyejua yuko upande gani. Gordon hakumsukuma. Shingo ikiwa imebanwa hivyo hivyo, aligeuza macho kwa ukuta.

"Jaduong'," akamwita Mzee Ouma. "Ni wewe ulitamka siku ile. Mimi nilinunua kwa sababu ya mdomo yako. Weka saini wewe basi. Sema gari ni ya Zadock."

Mzee Ouma alikuwa mtu anajua kusoma. Alikuwa karani wa pamba zamani, saini yake ilikuwa imejaa kwa magunia ya watu wa Nyakach. Watu wote wakamgeukia, hata Dorca. Mzee akaangalia fomu pale juu ya boneti, akaangalia lile jina kwa vumbi, na midomo yake ikacheza kidogo. Akasema macho siku hizi hayaoni karibu. Halafu akaongeza, kama kwamba hakuna aliyemwuliza, kwamba siku ile ukoo ulipeana pikapu ukijua mwanamke anabaki. Mwanamke hakubaki. Yeye kwa hiyo ya leo hayumo.

Mkono wa Zadock ukalegea kwa kola.

Gordon akakohoa, akapanga shati. Akaomba pesa yake. Zadock, bila kumwangalia, akasema pesa imeshakuwa mabati, na akanyoosha kidole kwa nyumba yake mpya inayong'aa huko nyuma ya migomba. Kama Gordon anaitaka, apande aing'oe. Na kama hataki gari, alete ufunguo. Kuna mtu wa Kericho ameshaiulizia, na huyo haulizi maswali ya kike.

Akanyoosha mkono.

Ufunguo ulikuwa kwa ngumi ya Gordon, umeshika joto. Angeweza kuingia tena kwa gari aondoke nayo bila karatasi, iwe rehani ya pesa yake. Aende wapi nayo? Kiwanda hakitaki. Na mama huyu alikuwa ameshakwenda korti, kesho askari wa barabarani wamtoe kwa usukani kama mwizi, mamake asikie habari sokoni. Angeweza kumrudishia Zadock, wagombane baadaye juu ya mabati. Hiyo ilikuwa rahisi. Lakini akaangalia ile boma yote, vijana, mzee, Zadock na biro yake, na akaona kitu kimoja wazi. Mtu mmoja tu hapo alikuwa ameweka jina lake mwenyewe kwa karatasi kuhusu hii pikapu, mbele ya serikali, mwenye kupinga aje. Wengine wote walikuwa na mdomo tu.

Akazunguka boneti, akaweka ufunguo kwa kiganja cha Dorca.

Dorca akaufunga mkono haraka, ukapotea ndani ya kitambaa. Hakushukuru. Aliuliza tu kijana anaitwa nani na anakaa wapi, akasema barua ikitoka atamtafuta yeye kwanza.

"Barua yako ikitoka mama, kazi yangu itakuwa imechukuliwa na mwingine," Gordon akasema. "Uza kwa nani unataka. Lakini hesabu mimi kama shahidi. Hiyo ya kuandika jina ya Nashon, nimeona na macho yangu, na nitasema."

Zadock akamwambia akitoka kwa hiyo geti mikono mitupu, asahau pesa yake, asahau na njia ya Sondu. Gordon akamwambia pesa hatasahau, ni ng'ombe wa mamake, na sasa anajua ofisi ya wakili iko ngazi ya ngapi. Alisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko moyo wake. Moyo ulikuwa unahesabu vile atamwambia Beldina, na hesabu ilikuwa inakataa.

Kijana mmoja akauliza, mtu wangu, sasa Kisumu utaenda na nini.

 Gordon aliinama, akafunga kamba ya kiatu juu ya ile soksi nene ya pesa, akageuka, akatembea kuelekea barabarani.